Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Barabara za Mombasa: Kagueni Kabla Zege Halijamwagwa

Kwa Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Kaunti anayesimamia barabara, wahandisi wa kaunti, na Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Mombasa,

Nawaamkua kwa heshima. Mimi ni mwashi mstaafu, mkaazi wa Majengo. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye simiti, mchanga na kokoto: nilianza nikiwa kibarua wa kubeba karai, nikawa mwashi, nikamaliza nikiwa nyapara wa wengine. Nawaandikia kuhusu njia za miguu na kingo za barabara zinazojengwa mjini mwetu. Nina mengi ya kusema, lakini ombi langu kubwa ni moja, na nalitanguliza ili mwenye shughuli nyingi aondoke nalo hata asipofika mwisho wa barua: mkaguzi wa njia ya miguu afike kabla zege halijamwagwa.

Nasema hivyo kwa sababu najua kazi hii hukaguliwa vipi mara nyingi. Zege humwagwa, hupigwa mwiko likalainika, mbao zikaondolewa, takataka zikafagiliwa. Siku kadhaa baadaye gari linafika, watu wanashuka, wanatembea juu ya njia mpya toka mwanzo hadi mwisho, wanapima urefu na upana, wanapiga picha, karatasi inatiwa sahihi. Siku hiyo kila njia ni nzuri. Iliyojengwa kwa uaminifu na iliyojengwa kwa wizi zinafanana machoni, na zitaendelea kufanana mpaka masika ya kwanza. Kinachozitofautisha kimeshafunikwa: udongo ulio chini, unene wa zege, kiasi cha simiti, kiasi cha maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwa mtu aliyesimama juu.

Nianze na udongo, maana hapo ndipo kazi nyingi hufia. Kisiwani utachimba ukute jiwe la tumbawe, na hatua chache mbele ukute kifusi cha zamani kilichojaa vigae, mifupa na mifuko ya plastiki. Ukienda Kisauni na Bamburi unakuta mchanga. Zege lililolala nusu juu ya jiwe na nusu juu ya kifusi laini litavunjika pale pale viwili hivyo vinapokutana, hata kama simiti yake ni bora kuliko zote. Kifusi kibovu hutolewa, mahali pake pakatiwa changarawe au mawe ya kusagwa, pakamwagiwa maji kidogo, pakashindiliwa kwa mashine kwa tabaka, si kwa mara moja. Mashine ya kushindilia hukodishwa kwa siku, na siku hiyo ndiyo ambayo mwenye kazi hupenda kuiokoa. Vibarua huambiwa wakanyage kwa miguu na kusawazisha kwa beleshi, basi. Mkaguzi akifika wakati huo atalijua bila chombo chochote: atasimama juu ya udongo, azungushe kisigino, aone kama kinazama. Akifika wiki mbili baadaye atakuta uso mweupe uliopigwa mwiko vizuri.

Unene ndio wizi ulio rahisi kuliko yote. Njia ya kupitia watu tu yataka zege la milimita 100. Panapopita magari kuingia uwani, kwenye ghala au kituo cha mafuta, ni milimita 150, na udongo wake ushindiliwe zaidi. Vipimo hivi sikuvitunga mimi. Manispaa nyingi huvitumia, na kule Marekani utavikuta vimeandikwa kwa inchi, 4 na 6. Sasa, asiye mwaminifu hapunguzi zege pembeni, kwa sababu pembeni ndiko mtu atakakoweka tepu. Huacha udongo umetuna katikati. Ukitazama ubavuni, milimita 100 ziko pale kamili. Katikati ni 60, pengine 50. Chukueni njia ya upana wa mita 2 na urefu wa mita 100: zege lake lote ni mita za ujazo 20. Unene ukipungua kwa wastani wa sentimita 3, zimepotea mita za ujazo 6, na ndani yake mifuko ya simiti kama arobaini. Hiyo ni faida ya mtu mmoja kwenye mtaa mmoja, na umma umeilipia.

Dawa yake haina gharama. Lazeni ubao mnyoofu juu ya mbao mbili za pembeni kabla ya kumwaga, mshushe tepu toka chini ya ubao hadi kwenye udongo, katikati na kila upande, kila baada ya mita chache. Andikeni namba, mtie sahihi. Mtu mmoja aweza kukagua mita 100 kabla chai haijapoa. Papo hapo aangalie kama mbao zimeshikwa imara na vigingi, kama mwinamo wa kupeleka maji barabarani upo (sentimita 2 kwa kila mita ya upana zatosha, ukizidisha mwenye kiti cha magurudumu ataburutwa kando), na kama mbao za mteremko wa kuvukia zimeshawekwa. Mteremko usiowekwa kabla ya kumwaga huja kupigwa nyundo baadaye, na hauwi mteremko tena, huwa shimo lililopakwa simiti.

Kisha siku ya kumwaga. Hapa adui ni maji. Zege lenye maji ya kiasi ni zito, huvutwa kwa beleshi kwa nguvu, na vibarua wanaolipwa kwa mita hawalipendi. Basi anayekoroga huongeza ndoo, na nyingine, mpaka zege liteleze lenyewe. Maji hayo ya ziada hayaendi popote. Yakikauka huacha vitundu, na vitundu ndivyo udhaifu. Uso wake hutoka vumbi ukiupitishia kiatu. Kuna kipimo cha zamani sana cha jambo hili: koni ya chuma ya urefu wa milimita 300, wazi juu na chini. Unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo ya chuma mara 25, unasawazisha juu, unainua koni polepole, unasubiri. Zege linazama. Unapima limezama kiasi gani. Likizama milimita 75 hivi, linafaa kwa njia ya miguu. Likimwagika likawa kama uji, lirudishwe. Kijana yeyote aliyemaliza chuo cha ufundi anaijua koni hii. Nimefanya kazi chini ya wahandisi waliokuwa nayo ndani ya gari na wengine waliokuwa nayo kwenye orodha ya bei tu, na tofauti ya njia zao naiona hadi leo nikipita.

Papo hapo ijazwe michemraba ya majaribio, ile ya milimita 150 kila upande, ipelekwe maabara na kubanwa baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Nguvu inayofaa kwa njia ya miguu ni niutoni 20 hadi 25 kwa kila milimita ya mraba katika siku ya 28. Naomba michemraba ijazwe mbele ya mkaguzi, kutoka kwenye karai aliyoichagua yeye. Karai aliyoiandaa mwenye kazi si kipimo.

Jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitilii mkazo, nasi tunapaswa kulitilia, ni kaskazi. Kati ya Disemba na Machi upepo ni mkavu na jua ni kali, na huo ndio msimu wa ujenzi kwa kuwa hakuna mvua. Zege likimwagwa saa sita mchana uso wake hukauka kabla tumbo halijashika, na jioni ile ile unaona nyufa ndogondogo kama nywele. Ni kama wali ulioungua juu na ndani una kiini. Simiti haipati nguvu kwa kukauka, hupata nguvu kwa kushikana na maji, na kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi. Kwa hivyo zege limwagwe alfajiri au baada ya alasiri, udongo ulowanishwe kwanza, na likishashika lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa au karatasi ya plastiki kwa siku 7 zisizopungua. Siku 7, si asubuhi mbili. Kwenye makubaliano kipengele hiki huwa kimeandikwa, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, kwa sababu aliyemwaga keshahamia mtaa mwingine na hakuna aliyebaki wa kulinywesha. Mkaguzi apite siku ya tatu na siku ya sita. Akikuta magunia makavu, aandike.

Na chumvi. Visima vingi vya kisiwani maji yake ni ya chumvi, na mchanga wa pwani si wa kujengea. Kwenye njia ya zege tupu madhara yake si makubwa sana. Lakini mji huu una mitaro, na juu ya mitaro kuna vifuniko vya zege vyenye nondo, na watu huvikanyaga kama sehemu ya njia. Chumvi ikifika kwenye nondo, chuma huota kutu, kutu huvimba, zege hupasuka vipande kutoka ndani. Mmeviona: pembe zimevunjika, nondo nyekundu zimejitokeza zikielekezwa kwenye miguu ya watoto. Naomba iandikwe wazi kwamba maji ya kukorogea vifuniko hivyo ni ya mfereji na mchanga ni wa mtoni, ulioletwa kwa risiti, na kwamba nondo zifunikwe na zege la milimita 40 zisizopungua upande wa chini, unaokabili maji machafu.

Viungo nitavitaja kwa ufupi. Zege hupasuka, hakuna wa kulizuia. Kazi ya fundi ni kuliambia lipasukie wapi. Kwa hiyo hukatwa mistari kila mita moja na nusu hivi, kina chake robo ya unene. Mstari uliochorwa kwa ncha ya mwiko ili kupendeza si kiungo. Na njia inapokutana na ukuta wa nyumba, nguzo ya umeme au kifuniko cha shimo, iachwe nafasi yenye kujazwa kitu laini, ili zege likitanuka kwa joto lisisukumane na jengo la mtu.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Mama yangu mkubwa alikuwa mwenda pole. Alikuwa akitoka sokoni na kikapu kidogo cha mchicha, mchana kweupe, kwenye njia ambayo haikuwa na miaka miwili. Kipande kimoja cha zege kilikuwa kimenyanyuka juu ya mwenzake kwa unene wa kidole gumba. Ncha ya kiatu chake ikagonga hapo. Alivunjika nyonga. Alitibiwa, alifungwa, alirudi nyumbani, lakini hakwenda tena sokoni kwa miguu yake mpaka alipofariki. Nilikwenda kupatazama mahali pale kwa macho ya kazi. Hakukuwa na kiungo chochote kwa mita nyingi, na chini ya kipande kilichozama palikuwa na pango, udongo umechukuliwa na maji. Sikumshtaki mtu na sitamtaja mtu hapa. Ninachotaka ni kipimo kiandikwe. Marekani wameandika kwamba vipande viwili vikitofautiana kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi, ni kasoro inayotakiwa kuchongwa. Vikizidi nusu inchi, panatakiwa mteremko. Unene wa kidole gumba umepita vyote viwili. Kama kipimo hicho kingekuwa sheria kwetu, na kama kungekuwa na mtu ambaye kazi yake ni kupita na kukitafuta, pale pangetiwa alama ya rangi miezi kabla ya mama mkubwa kupita.

Sasa kingo. Ukingo una kazi tatu: kuzuia gari lisipande, kuongoza maji yafike kwenye tundu la mtaro, na kushikilia njia isimomonyoke. Urefu wa milimita 150 juu ya lami unatosha kwa kazi hizo. Mjini mwetu nimepima kingo ambazo upande mmoja wa barabara mtu anapanda kama ngazi ya nyumba na upande wa pili zimezikwa na lami mpya mpaka tuktuk zinapanda bila kupunguza mwendo. Kila barabara inapowekwa lami upya bila kukwangua ya zamani, ukingo hupungua. Hilo ni jambo la kupimwa kabla ya kazi ya lami kuidhinishwa, na huwa halipimwi kwa sababu lami ni kandarasi ya huyu na ukingo ulikuwa wa yule.

Kwenye kivuko ukingo unatakiwa ushuke. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni mteremko wa 1 kwa 12: ukingo wa milimita 150 unahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8. Naitaja hesabu hii kwa sababu nimeona miteremko ya hatua moja, mikali kiasi kwamba mwenye kiti cha magurudumu akishuka peke yake anaangukia barabarani kifudifudi. Upana uwe mita 1.2 angalau, na mwisho wake ulingane na lami, usiachwe na kizingiti. Kwa wasioona, wekeni pale chini vigae vyenye vinundu vinavyosikika kwa mguu na fimbo. Vigae hivyo vilibuniwa Japani na kuwekwa mara ya kwanza njiani mjini Okayama mwaka 1967, na sasa vimeenea duniani. Kiwanda chochote kinachofyatua kabro, yale matofali ya zege ya kupanga njiani, kinaweza kuvifyatua. Ni suala la kalibu tu. Msukuma mkokoteni naye atafaidika. Leo vijana wanaoleta mitungi ya maji na wapagazi wa masoko ya Kongowea na Markiti wanasukuma barabarani katikati ya matatu kwa sababu ukingo hauna pa kupandia.

Najua kwamba sehemu kubwa ya njia zetu mpya ni za kabro, si zege la kumwaga. Kabro ni nzuri kwa mji wetu: ikiharibika hung'olewa ikarudishwa. Lakini kabro bila ukingo imara ni mchanga uliopangwa. Jiwe la ukingo lilalie kitanda cha zege, na nyuma yake liegemezwe zege lililopanda mpaka nusu ya urefu wake. Nikiona mawe ya ukingo yamepangwa juu ya udongo na kuzibwa simiti kwenye maungio tu, najua lori la kwanza litakalogusa litayalaza, na kabro zitaanza kufunguka moja baada ya nyingine kuelekea upande huo. Kabro za milimita 60 ziende panapopita watu, za milimita 80 panapopita magari. Mchanga wa chini uwe wa sentimita 3 hadi 5 na ulingane. Anayeficha mashimo ya udongo kwa kuongeza mchanga atapata mabonde mvua ya kwanza ikinyesha.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote haya, kwa sababu huharibu hata kazi nzuri. Njia inajengwa, inapokewa, na kabla ya mwaka anakuja mtu wa bomba la maji au wa waya za intaneti, anaikata mfereji katikati, anafukia kwa udongo ule ule bila kushindilia, anapaka simiti juu, anaondoka. Mvua ikinyesha mfereji unazama. Naomba kibali cha kuchimba kisitolewe bila amana, na amana isirudishwe bila ukaguzi. Na anayekata zege asirudishe kiraka: aondoe kipande kizima toka kiungo hadi kiungo na kukimwaga upya. Miji mingi nje inadai hivyo, na sababu yake fundi yeyote atawaeleza, kwamba kiraka chembamba katikati ya kipande hakishiki.

Kwa upande wa sheria hamhitaji kusubiri mtu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, na maegesho. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, katika sehemu yake ya 48, inataka kuwe na kamati ya kukagua na kupokea kazi. Kamati hiyo ndiyo ninayoiombea ratiba mpya: badala ya safari moja mwishoni, sahihi yake ihitajike kabla ya kumwaga, siku ya kumwaga, na baada ya matokeo ya siku ya 28. Malipo yafuate sahihi hizo. Na kwa barabara kuu zilizo chini ya mamlaka za kitaifa zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007, kaeni na mamlaka hizo muwe na karatasi moja ya vipimo. Mama anayetembea toka Changamwe hadi Makupa hajui ni wapi ukingo wa huyu unaishia na wa yule unaanza, na hapaswi kujua.

Msione kwamba nawataka mtumie pesa nyingi kuliko mlizonazo. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Marekani iliamua, katika kesi dhidi ya mji wa Sacramento, kwamba njia za miguu zinahusika na sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Baadaye mji wa Los Angeles, ambao njia zake zilikuwa zimeachwa zikavunjika kwa miongo, uliafikiana na walioushtaki kutumia takriban dola bilioni 1.4 katika miaka 30 kuzitengeneza. Mji tajiri ule ulilipia kile ambacho ungekizuia kwa utunzaji wa kila mwaka. Sisi hatuna uwezo wa kujenga mara mbili.

Mji wa Kale uachwe na utaratibu wake. Vichochoro vya Ndia Kuu na vya nyuma ya Ngome ya Yesu havikujengwa kwa vipimo hivi, na baraza za nje ya nyumba ni za kukaa wazee, si vizuizi vya kuvunjwa. Hapo wahusika wa makumbusho na wenyeji wakae na wahandisi nyumba kwa nyumba. Na tafadhali, hatua ya kwanza isiwe kumfukuza mama wa mahamri na viazi karai. Yeye ameketi kwenye njia kwa sababu hakuwekewa nafasi kwenye mchoro. Njia ya mita 3 ina nafasi yake na ya wapitao, ikipangwa tangu mwanzo.

Haya ndiyo ninayoyaomba, na nayaomba kwa maandishi ili yajibiwe kwa maandishi. Chapisheni vipimo vya njia za miguu na kingo kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja unaoweza kubandikwa kwenye ofisi ya kila wadi na kwenye eneo la kazi, ili mkaazi mwenye tepu aweze kujipimia. Kila mwanakandarasi agonge muhuri wa jina na mwaka ndani ya zege bichi, kama ilivyo desturi katika miji kadhaa ya California, kila baada ya umbali fulani. Matokeo ya michemraba yawe wazi kwa anayeyataka. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki hiyo. Fedha zinazozuiliwa kama dhamana ya kasoro zisitolewe mpaka njia ipite masika moja kamili, kisha wahandisi waipitie pamoja na wakaazi, akiwemo angalau mmoja anayetumia kiti cha magurudumu na mmoja asiyeona, na kila palipozama au kunyanyuka parekebishwe kwa gharama ya aliyejenga.

Pa kuanzia napapendekeza: njia ziendazo Hospitali Kuu ya Pwani, toka upande wa Mwembe Tayari. Wanaozipita ni wagonjwa, wajawazito, wazee na wanaosukumwa, na wengi wao hawana nauli ya teksi. Chagueni kipande kimoja, mkijenge kwa utaratibu huu kabla ya masika yajayo, mlinganishe gharama na uimara wake na kipande kilichojengwa kwa mtindo wa zamani.

Mimi na waashi wenzangu wastaafu tuko tayari kusimama na wakaguzi wenu alfajiri ya kumwaga, bila malipo, na kuwafundisha vijana wenu wapya kutumia ubao, tepu na koni. Mkiniambia tarehe na mahali nitafika.

Wenu kwa heshima,

Mwashi mstaafu,
Majengo, Mombasa